Mita 45 za maji: namna manowari zinavyojazwa mafuta bila kusimama

Kwa miaka mingi Tanga ilikuwa bandari ya matishari. Meli kubwa ilitia nanga ghubani, kama kilomita 1.7 kutoka gatini, tishari likasogezwa ubavuni mwake, mzigo ukateremshwa kwa kreni, kisha tishari likavutwa hadi gatini na mzigo uleule ukapakuliwa mara ya pili. Siku hizi mlango wa bandari na magati vimechimbwa hadi kina cha mita 13, na meli zinafunga gatini moja kwa moja. Waliofanya kazi ya matishari wanaijua taabu yake: hata humo ghubani, karibu na kisiwa cha Toten ambako bahari imetulia, tishari linapanda huku meli inashuka, kamba ya kreni iliyolegea inakaza ghafla, na mzigo unabamiza ubavu wa meli asipokuwapo mtu makini kwenye winchi.

Meli ya ugavi ya jeshi la majini hufanya kazi ya namna hiyo bahari kuu, mahali pasipo na ghuba wala kisiwa, tena meli zote mbili zikiwa zinatembea noti 12 hadi 16, yaani kilomita 22 hadi 30 kwa saa. Kati yao unabaki mwanya wa mita 45 hivi, na juu ya mwanya huo unapita mpira (bomba linalopindika) wa inchi 7 uliojaa mafuta. Wengi wakisikia hivyo huuliza: kwa nini wasisimame kwanza? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linalofungua mengine yote. Ila kwanza tuone kwa nini manowari isirudi tu bandarini kujaza.

Makaa yasiyofika Rufiji

Mfano mzuri wa jambo hili ulitokea pwani yetu wenyewe. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokaribia, manowari ya Ujerumani Königsberg ilitoka Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 1914. Meli ile ilikuwa na kasi na mizinga ya kutosha, lakini ilikula makaa ya mawe, na makaa hayakuwapo. Tarehe 6 Agosti iliiteka meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, upande wa Oman, ikachukua makaa yake, nayo yalikuwa hafifu. Ikategemea meli ya ugavi Somali kuipelekea mengine. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, mitambo mibovu na makaa hayatoshi.

Ujerumani ikatuma meli ya kuiokoa. Iliitwa Rubens, ikapewa jina la uongo Kronborg na bendera ya Denmark, ikaondoka Februari 1915 na kuzunguka Afrika yote ikiwa na makaa, risasi na vipuri. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Uingereza Hyacinth iliifumania ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ikapigwa, ikaungua, ikakaa juu ya tope. Wajerumani baadaye waliokoa bunduki na risasi nyingi kwa ajili ya jeshi lao la nchi kavu. Makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg haikutoka tena bahari kuu hadi mwisho wake tarehe 11 Julai 1915. Mizinga ya Waingereza ndiyo iliyoimaliza, lakini kilichoifunga mtoni miezi yote ile ni tumbo tupu, na naamini hilo halisemwi vya kutosha katika historia ya pwani hii.

Makaa yalikuwa na ubaya mwingine: hayamiminiki. Yalibebwa kwa magunia na vikapu, watu wakigeuka weusi siku nzima, na kazi yenyewe ilihitaji maji yaliyotulia. Kundi la manowari za Urusi lililokuwa likienda kupigana na Japani mwaka 1904 hadi 1905 lilikaa wiki nyingi Nossi-Bé, Madagaska, na sehemu kubwa ya kazi pale ilikuwa kupakia makaa. Mafuta yaliibadili hali hiyo, kwa sababu mafuta hupita kwenye mpira. Mwaka 1917 meli ya mafuta ya Marekani Maumee ilijaza destroya, aina ya manowari ziendazo kasi, zilizokuwa zikivuka Atlantiki kwenda Ireland, zikiwa safarini. Mmoja wa waliobuni vifaa vyake alikuwa ofisa wa mitambo wa meli hiyo, Chester Nimitz, ambaye katika vita iliyofuata ndiye aliyeongoza kundi zima la manowari za Marekani katika Pasifiki.

Njaa ya manowari haijaisha. Ukizidisha mwendo wa meli mara mbili, injini inadaiwa nguvu karibu mara nane, na kwa kila maili mafuta yanayoungua yanakaribia mara nne. Destroya za Arleigh Burke za Marekani zinatajwa kuwa na masafa ya maili za baharini 4,400 kwa mwendo wa noti 20. Kutoka Tanga hadi Mumbai ni takriban maili 2,500. Kwenda na kurudi haitoshi, na hapo hujaweka kukimbia, kuzunguka wala kusubiri. Ndiyo maana kamanda mwangalifu hangoji tangi likauke. Nusu ya tangi ikikaribia, meli ya ugavi inatakiwa iwe imeshapangiwa siku na saa.

Kwa nini wasisimame

Usukani hufanya kazi pale maji yanapopita juu yake. Meli iliyosimama haina usukani. Upepo na mawimbi huigeuza hadi ikalala ubavu kwa wimbi, kisha inaanza kwenda mrama, kushoto kulia, kushoto kulia. Weka meli mbili za hali hiyo ubavu kwa ubavu, moja ina tani 4,000 na nyingine tani 30,000. Kila moja inayumba kwa mwendo wake, na hakuna matairi wala maboya ya kuning'iniza ubavuni yatakayovumilia kubamizwa huko. Zikiwa zinatembea, omo (pua ya meli) zimekabili wimbi, zinatulia na zinatii. Katika vita kuna sababu ya pili: meli iliyosimama ni shabaha rahisi ya nyambizi.

Kwa hiyo mwendo ndio usalama. Tatizo ni kwamba mwendo huohuo unazaa hatari nyingine, nayo ndiyo kiini cha kazi yote.

Chukua karatasi mbili, zishike wima mbele ya mdomo zikiwa zimeachana vidole viwili, upulizie katikati. Utatarajia ziachane, badala yake zinakutana. Hewa inayopita kwa kasi kati yake ina msukumo mdogo kuliko hewa ya nje, na ile ya nje inazisukuma ndani. Maji yanayopita kati ya meli mbili hufanya vilevile. Yamebanwa, yanakimbia zaidi, msukumo wake unapungua, na maji ya nje yanazisukuma meli zikutane. Kadiri mwanya unavyopungua ndivyo mvuto unavyoongezeka, na meli zikiongeza kasi unapanda upesi zaidi. Maji ya kina kifupi huuzidisha, kwani hayana pa kukimbilia chini. Kwa sababu hiyo kazi hii haifanywi karibu na miamba ya pwani.

Mvuto huo haulingani toka omo hata tezi, yaani nyuma ya meli. Kwenye omo na kwenye tezi ya kila meli maji yamejikusanya na yanasukuma. Katikati ya ubavu yanavuta. Sasa mfuate manowari anayekuja kutoka nyuma. Omo yake inapofika usawa wa tezi ya meli ya ugavi, inasukumwa nje. Mshika usukani mgeni atageuza kidogo ndani ili kusahihisha. Sekunde chache baadaye omo imeingia eneo la mvuto, na yeye bado amegeuza ndani. Hapo makosa mawili yanakuwa upande mmoja. Mzoefu anaujua msukumo ule kabla haujaja, anasahihisha kidogo tu, na anauondoa mapema.

Hesabu yenyewe haina huruma. Kwa noti 12 meli inapita mita 6.2 kwa sekunde. Ikikosea nyuzi moja tu kuelekea mwenzake, inamsogelea zaidi ya mita 6 kila dakika. Mwanya wa mita 45 unaisha kwa dakika saba, bila kuhesabu mvuto, na mvuto haukosi kuhesabiwa. Ndiyo maana amri za usukani hutolewa kwa nyuzi moja moja au nusu nyuzi, na amri za injini kwa kuongeza au kupunguza mzunguko mmoja au miwili ya propela kwa dakika.

Kazi yenyewe

Meli ya ugavi ndiyo kiongozi. Inachagua uelekeo na kasi, kisha inakaa hapohapo kama reli. Asiyejua hudhani manowari, kwa kuwa ndiyo yenye mizinga, inatoa amri. Hapa anayetembea kwa unyoofu ndiye anayetawala, na mwingine anajipima kwake. Upepo na wimbi la mbele, kidogo upande, ndiyo hali nzuri. Katika Mkondo wa Pemba, kwa mfano, kina kinatosha, kwani katikati kinafika kama mita 800. Lakini kazi ya saa mbili kwa noti 12 inakula kilomita 44, na upana wa mkondo kati ya pwani ya Tanga na Pemba ni kama kilomita 50. Kwa hiyo ukivuka utafika mwambani mpira ukiwa bado umeunganishwa. Lazima ufuate urefu wa mkondo, kaskazini au kusini, na msimu ndio unaochagua. Kusi ikivuma, kwenda kusini kunaweka omo kwenye wimbi. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka. Maji yanayokwenda kaskazini katika pwani yetu mwaka mzima hayana shida kwa kazi hii, maana meli zote mbili zimo ndani yake na zinachukuliwa pamoja.

Siku moja kabla, meli hizo huandikiana: mita za ujazo ngapi, aina gani ya mafuta, kituo kipi cha kupokelea, mpira wa aina gani, nani anachukua mizigo mikavu. Mafuta ya kawaida ya manowari za nchi za NATO huitwa F-76, dizeli inayotakiwa isitoe mvuke wa kushika moto chini ya nyuzijoto 60. Mafuta ya ndege zinazokaa melini, F-44, nayo yana masharti hayohayo ya nyuzi 60, wakati mafuta ya ndege ya viwanja vya kawaida vya nchi kavu yanaruhusiwa kuanzia 38. Tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi: ndani ya meli cheche na tangi havitengani sana. Kwa wanaouliza kuhusu Chongoleani, hapo Tanga, mafuta yatakayofika hapo kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda ni ghafi na yenye nta, hadi bomba lenyewe lazima lipashwe moto ili yasigande. Manowari haiwezi kuyatia tangini. Yanahitaji kiwanda cha kusafisha kwanza.

Mawasiliano ya macho ni bendera. Bendera ya R, nyekundu yenye msalaba wa manjano, ikipandishwa nusu kwenye meli ya ugavi maana yake imeshika uelekeo na inajiandaa. Ikipandishwa hadi juu, njoo. Bendera ya B, nyekundu yenye mkia uliopasuliwa kama wa mbayuwayu, inasema kuna mafuta au risasi: hakuna sigara, hakuna moto wazi.

Manowari inakuja kutoka nyuma kwa noti tatu hadi tano zaidi ya mwenzake, inapunguza mwendo inapokaribia, inaganda ubavuni. Baharia mwenye bunduki maalumu anafyatua uzi mwembamba wenye uzito mdogo mbele, kila mtu upande wa pili akiwa amejificha nyuma ya ukuta. Uzi unavuta kamba, kamba inavuta kamba nene zaidi, na mwisho unakuja waya wa chuma wa milimita 19 hivi.

Mapema kabisa inavuka kamba ya kupimia umbali, na inafaa kuitazama kwa karibu, maana ndiyo kifaa rahisi kuliko vyote na hakuna anayeiacha. Ni kamba nyepesi yenye vibendera kila futi 20, kwa mpangilio usiobadilika: kijani kwenye sifuri, nyekundu 20, manjano 40, bluu 60, nyeupe 80, kisha kijani tena kwenye 100 na duru inaanza upya. Upande mmoja umefungwa. Upande wa pili haufungwi kamwe. Mabaharia wanaushika mikononi karibu na omo, wanalegeza na kuvuta meli zinavyosogeana, ili kamba ikae imenyooka bila kulegea. Kwa mwanya wa mita 45, ambao ni kama futi 148, ukingo wa meli unakaa kati ya manjano ya pili na bluu ya pili. Nahodha akiiona manjano imeondoka na nyekundu ndiyo imekuja, hasubiri rada imwambie. Ndani ya kamba hiyohiyo mara nyingi hupitishwa waya wa simu, chumba cha uongozi cha meli moja kikaongea na cha nyingine bila redio.

Waya wa chuma unashikwa kwenye ndoano ya kufyatua upande wa mpokeaji. Winchi ya meli ya ugavi inaukaza, na hapa ndipo ulipo ufundi mkubwa. Meli zikiyumba kuelekea nje, waya ungekatika. Zikiyumba ndani, ungelegea na mpira ungeanguka majini. Kwa hiyo waya unapitishwa kwenye makapi ya mtambo wenye silinda ndefu, inayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Waya ukivutwa, silinda inajikunja na kuachia. Ukilegea, inajinyoosha na kumeza. Mtu aliyesimama hapo anaiona ikipumua juu chini kwa mapigo ya wimbi, wakati waya juu ya maji hautikisiki.

Mpira wenyewe unaning'inia chini ya waya kwa matandiko yenye magurudumu, umejikunja kama nguo kwenye kamba. Unavutwa hadi ng'ambo, kichwa chake kinaingia kwenye mdomo wa kupokelea, kinajibana, na alama pembeni inainuka kuonyesha kimekaa. Kisipokaa, sababu ni za kawaida: chumvi au uchafu mdomoni, pembe mbaya kwa kuwa manowari imetangulia au imebaki nyuma kidogo, au kamba ya kuvutia imelegezwa mapema. Dawa ni kukirudisha mita chache na kukiingiza tena kwa nguvu ya kutosha. Kukisukuma kwa mikono ni kutafuta kukatwa vidole.

Pampu inaanza polepole. Mafuta ya kwanza hutolewa sampuli kwenye chupa safi: yawe angavu, bila ukungu, bila matone ya maji chini. Likipita hilo, kasi inapandishwa, na mpira mmoja wa inchi 7 unaweza kupitisha mita za ujazo 600 au zaidi kwa saa ikiwa mabomba ya mpokeaji yanaweza kumeza. Tuseme frigeti, manowari ya ukubwa wa kati, inataka mita za ujazo 400 na mabomba yake yanakubali 400 kwa saa. Kusukuma ni saa moja. Kuunganisha na kuachana ni nusu saa nyingine au zaidi. Wapya hudhani mafuta ndiyo yanayokula muda, kumbe kamba nazo zinakula nusu ya muda huo au zaidi.

Matangi hayajazwi hadi juu. Huishia asilimia 95 hivi, na kasi hupunguzwa kila tangi linapokaribia kiwango. Aliyeko kwenye valvu akichelewa kugeuza kwenda tangi linalofuata, mafuta hutoka kwenye bomba la hewa na kumwagika sitaha. Kuna manowari ambazo matangi yake hujazwa maji ya bahari kadiri mafuta yanavyotumika, ili meli isiwe nyepesi chini. Wakati wa kujaza, mafuta huyasukuma maji yale nje. Ukikimbiza pampu kwenye matangi hayo, mafuta na maji vinachanganyika na baharini kunabaki utando.

Meli zikibaki pamoja saa nzima, nazo zinabadilika. Ya ugavi inapanda juu ya maji ikipungua uzito, ubavu wake unakuwa mrefu na upepo unaupata zaidi. Manowari inazama kidogo. Nyuzi za usukani zilizofaa mwanzoni hazifai mwishoni, na mshika usukani aliyechoka halitambui hilo. Abadilishwe mapema, wakati mambo ni shwari.

Kinachoharibika

Hatari ya kwanza ni usukani kukwama au umeme kuzimika. Kwa hiyo kabla ya kukaribia, watu huwekwa chumba cha usukani kule tezi, tayari kuuendesha kutoka hapo, na jenereta za ziada huwashwa. Hatari ya pili ni waya kukatika. Waya uliokazwa ukikatika hurudi kama mjeledi kwa njia ileile uliyonyooshwa, na unachokikuta hukikata. Ndiyo sababu sitaha huchorwa maeneo ya kutosimama, na ndani ya duara la kamba haikanyagwi hata kwa sekunde. Ya tatu ni kamba kuangukia majini na kuingia kwenye propela. Yote matatu hutibiwa kwa amri moja: kuachana kwa dharura, ikitangazwa kwa mapigo mafupi ya honi, matano au zaidi.

Katika kuachana huko utaratibu ndio uhai. Pampu isimame. Valvu ifungwe. Kichwa cha mpira kitolewe na mpira urudishwe. Winchi ya meli ya ugavi ilegeze waya. Ndipo, na si kabla, baharia wa upande wa pili apige nyundo kwenye pete ya ndoano na waya uanguke. Ukifyatua ndoano waya ukiwa umekazwa, umeitengeneza ile ajali uliyokuwa unaikimbia. Kamba ya umbali inatoka mwisho.

Kosa jingine hutokea baada ya watu kushusha pumzi. Nahodha aliyemaliza anataka kuondoka haraka, anageuza usukani sana upande wa nje. Lakini meli haigeuki kama gari. Inazunguka juu ya nukta iliyo ndani yake, sehemu ya mbele, na omo ikienda nje tezi inaingia ndani. Ukikata kona kali, tezi yako inampiga mwenzako. Njia sahihi ni kuongeza noti mbili tatu, kugeuza nyuzi moja au mbili kwa wakati, na kusubiri tezi ivuke omo ya meli ya ugavi ndipo ugeuke unavyotaka.

Mizigo mikavu hupita kwa waya uleule wa kukazwa, kwa kawaida hadi tani mbili kwa safari moja: vyakula, vipuri, barua, masanduku ya risasi. Helikopta husaidia pia, ikibeba wavu chini yake kati ya meli zilizo mbali kabisa. Kilichobaki kigumu ni makombora marefu yanayoingizwa kwenye mashimo ya wima. Kuyasimamisha sitaha inapoyumba ni kazi ngumu kweli. Oktoba 2024 Marekani ilijaribu mtambo wa kufanya hivyo kati ya manowari Chosin na meli ya ugavi Washington Chambers, nje ya pwani ya California.

Meli zenyewe ni kubwa na hazina mvuto wa picha. Za Uingereza za aina ya Tide zina urefu wa mita 200 na uzito wa tani 39,000, na hubeba hadi mita za ujazo 19,000 za mafuta. Mabaharia wake, kama wa Marekani, wengi ni raia, si askari. China ilipotuma manowari zake Ghuba ya Aden Desemba 2008 kulinda meli dhidi ya maharamia wa Somalia, ilituma meli tatu: manowari mbili na meli ya ugavi Weishanhu. Moja kati ya tatu, na hesabu hiyo ni ya haki. Septemba 2024 meli ya mafuta ya Marekani Big Horn iliharibika karibu na Oman na maji yakaingia sehemu ya mitambo. Manowari zilizoitegemea, pamoja na kundi la meli ya kubeba ndege Abraham Lincoln, zililazimika kutafutiwa mafuta kwingine. Kundi lenye makumi ya ndege na mamia ya makombora lilishughulishwa na meli moja isiyo na mzinga wa maana.

Kwa walio mashuani

Wavuvi wa Tanga, Pangani na Pemba wanaweza kukutana na kazi hii, na sheria za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaitaja. Meli zinazopeana shehena au mafuta zikiwa safarini zinahesabiwa kuwa haziwezi kugeuka kwa uhuru. Mchana huonyesha maumbo matatu meusi kwa wima: duara, umbo la almasi, duara. Usiku, taa tatu kwa wima: nyekundu, nyeupe, nyekundu. Chombo cha matanga na chombo kinachovua, ambavyo kwa kawaida hupishwa na meli ya injini, hapa ndivyo vinavyopisha.

Usipite katikati hata ukiona mwanya unatosha. Wala usikimbilie kukata nyuma ya meli ya kwanza ukaona uko salama. Ipo njia ya pili ya kujaza, ambapo meli ya mafuta huburuta mpira wake nyuma majini, ukiwa na boya kwenye ncha, na manowari hufuata nyuma na kuuokota. Meli mbili zilizofuatana zikiwa na taa hizo, hata zikionekana zimeachana vya kutosha mashua kupenya, zina mpira mzito unaoelea kati yao. Zunguka nyuma ya meli ya mwisho, mbali, na kama una nyavu zimetandazwa mbele ya njia yao, washa taa zote na karabai mapema, kwa sababu kuachana kwao kunachukua dakika kadhaa na kabla ya hapo hawawezi kukukwepa.